Viti Vitupu vya Shirika la Taratibu

4 Februari

Mdogo wangu,

Ningekupigia simu, lakini kwa masikio yako yalivyo, majirani wangeijua siri yangu kabla yako. Kwa hiyo nakuandikia, na ukishasoma usimsomee yule mama wa duka hapo chini kwako.

Shemeji yako yuko vilevile. Tangu kiharusi kile cha mwezi wa kumi na moja hajatamka neno. Mkono wa kulia umelala, mguu wa kulia umelala, hata mdomo umelala upande mmoja. Kushoto yuko macho. Anakula nikimlisha, ananikunjia uso supu ikiwa ya moto. Na kila asubuhi, kabla sijafungua pazia, ananyosha kidole cha kushoto kuelekea meza ndogo iliyo karibu na dirisha. Mimi humpa maji. Anayanywa, kisha ananyosha tena.

Juu ya meza ile palikuwa na simu yake. Sasa iko kwenye mfuko wa aproni yangu, na ndiyo sababu ya barua hii.

Niliichukua nimtafute fundi wa viti vya magurudumu. Nikakuta mchezo. Unamjua shemeji yako, mpima ardhi maisha yake yote, amepanda ndege mara tatu na mara zote tatu alitapika. Kumbe ndani ya simu ana shirika zima la ndege. Ana ndege mia moja na kumi na mbili. Anazinunua, anazipangia njia, anazijazia mafuta, anazipeleka kwa mafundi. Ameliita Shirika la Ndege Taratibu. Miaka sita anafanya hivyo pembeni yangu, na mimi nikidhani anasoma habari za dunia.

Hilo ningemsamehe. Wanaume wakistaafu hufuga kuku au hufuga ndevu. Wangu amefuga ndege. Lakini mchezo huo una mahali pa kuandikiana, na humo ndani kuna mwanamke. Anajiita Mfamasia. Kila asubuhi yeye, kila jioni Mzee. "Umeamkaje, Mzee Taratibu?" "Leo mafuta yameshuka bei, jaza matangi." Mimi nikimuuliza Mzee ameamkaje hujibu "mm". Huyo anajibiwa mistari minne. Na katikati ya maandishi kuna alama za sauti walizotumiana. Sauti zenyewe hufutika mtu akishazisikiliza. Sasa niambie, ni maneno gani hayo ambayo hayakuweza kuandikwa? Ndiyo maana alikuwa akienda kukaa nyuma ya nyumba, eti anapunga upepo.

Kuna siku moja ya mwaka juzi huyo bibi anamwandikia, "Hicho kikohozi sikipendi, nakutumia chupa." Unaikumbuka ile dawa ya kikohozi yenye kizibo cha kijani? Nilimnywesha mwenyewe, kijiko kwa kijiko. Aliniambia ameipata zahanati.

Tangu augue, ujumbe wa huyo bibi umejazana. "Mzee, mbona kimya?" Sijajibu hata mmoja.

Nina miaka sabini na minane. Daktari aliniambia mlango mmoja wa moyo wangu umelegea, na kwa umri huu hawanipasui. Alisema kwa upole, nikamshukuru kwa upole, na wote wawili tulielewana. Sitaki kuondoka na swali hili. Nataka kujua mwanamke huyu alikuwa nani kwa mume wangu.

Nimekata shauri. Nitamwandikia kwa jina la Mzee, barua ya kupigwa chapa, maana kwenye simu watu hujibizana papo hapo na mimi nahitaji muda wa kuupanga uongo wangu. Sanduku la posta la duka lake la dawa nimelipata kwenye ujumbe wa ile chupa. Na shirika nitaliendesha mwenyewe ili asishuku. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, ndege hazitanishinda.

Usinicheke.

Dada yako

*

12 Februari

Dada,

Nimecheka. Nimecheka mpaka meno ya bandia yakataka kuniacha. Wenzako tuliwafumania waume zetu wakiwa na miguu ya kukimbilia. Wewe umengoja mpaka wako hawezi hata kujigeuza, ndipo unamfumania, tena na ndege.

Sasa nisikilize, mimi ndiye niliyefanya kazi wodini, siyo wewe. Kidole hicho hakiombi maji. Mtu haombi maji kwa kuonyesha meza isiyo na maji. Anataka simu yake. Mpe. Ukiogopa atamwandikia huyo bibi, kaa ubavuni mwake usome.

Na mwanamume anayemtaka mwanamke haongei naye bei ya mafuta. Marehemu wangu alipokuwa na yule wa benki, mafuta aliyonunua yalikuwa ya kujipaka. Nisikudanganye, harufu ilitangulia kuingia nyumbani kabla yake.

Umekula chumvi nyingi mno kwa mambo haya. Moyo wenyewe mbovu, na wewe unautafutia kazi ya ziada.

Goti langu likitulia nitakuja.

Mdogo wako

*

15 Februari

Ndugu Mfamasia,

Salamu. Naomba radhi kwa ukimya wangu tangu mwezi wa kumi na moja. Nilianguka bafuni, mkono wa kulia ukateguka, na daktari amenishauri nisitazame kioo cha simu kwa muda mrefu. Ndiyo sababu nakuandikia kwa karatasi, na ndiyo sababu barua hii imepigwa chapa. Tafadhali nijibu kwa njia hiyohiyo.

Utakuwa umeona kwamba nimefanya mabadiliko katika shirika. Nilikaa nikazichambua ndege zote zinazouzwa. Nilichukua mafuta ambayo kila ndege inayatumia kwa safari moja, nikayagawanya kwa idadi ya viti vyake. Wale bata wetu, yaani ndege ndogo za mapangaboi, kwa macho wanaonekana hawali, lakini ukigawanya kwa viti vyao hamsini, kila kiti kinakuwa ghali. Nyangumi, ile ndege kubwa ya injini nne, ana viti mia nne na themanini, na kila kiti kinatumia nusu tu ya mafuta ya kiti cha bata. Hesabu haina ubishi. Kwa hiyo nimewauza bata thelathini na kununua nyangumi kumi na mmoja. Aidha, nimezifunga njia zote zilizokuwa na hasara.

Naomba maoni yako kuhusu uchaguzi huu.

Jambo jingine: mtu akilala sana huwaza ya nyuma. Hebu nikumbushe tulivyoanza kujuana, na ni kitu gani kwangu kilichokuvutia.

Mke wangu hajambo. Ananitunza kuliko ninavyostahili.

Wako,
Taratibu

*

26 Februari

Mzee wangu Taratibu, shikamoo.

Barua yako imenikuta dukani, mteja amesimama anangoja dawa ya macho. Nilimwacha asimame. Miezi mitatu nafungua mchezo nakuta ndege zako zote zimelala uwanjani kama nguo zilizoanikwa zikasahauliwa. Siku yangu huwa haianzi mpaka nione bata wako wa kwanza ameruka. Kwa hiyo asante kwa kuandika, na pole sana kwa mkono.

Umetaka maoni. Hesabu yako ni safi, sijapata kuona hesabu safi namna hiyo kutoka kwako. Ila umegawanya kwa viti vilivyomo, hukugawanya kwa viti vilivyokaliwa. Jana nilimfuatilia nyangumi wako wa alfajiri. Ameruka na watu tisini na wanne. Viti vingine vyote vimekwenda vitupu na kurudi vitupu, na mafuta yameliwa yaleyale. Ukigawanya kwa watu hao, kila mmoja amekula mafuta mara mbili na nusu ya abiria wa bata aliyejaa. Nyangumi si ndege mbaya, mimi mwenyewe ninao wawili, lakini anataka njia yenye watu wengi. Njia zako nyingi ni za watu arobaini, hamsini. Hakuna wa kumjaza.

Nashangaa kukueleza haya wewe. Si ndiwe uliyenifundisha? Nilikuwa karibu kufilisika, nikinunua kila ndege inayosifiwa, ukaniambia, "Usimwulize muuzaji, uliza viti." Kwamba njia ikiwa mpya, mrushe bata kwanza siku chache, hesabu viti vitupu, ndipo uchague ukubwa wa ndege. Hukuwahi kununua hata ndege moja bila kufanya hivyo. Nilikuwa nakutania kwamba unapima anga kwa kamba. Au mkono ulipoteguka, uliteguka na mengine?

Tulijuana kwenye ushirika wa wachezaji, wewe ukiwa wa mwisho kwa mapato na wala hujali. Hicho ndicho kilichonivutia, kwamba hukuwa na haraka ya kumpita mtu.

Mama mpe shikamoo yangu. Mwambie siku hizi namuwaza sana.

Mfamasia wako

*

4 Machi

Mdogo wangu,

"Mfamasia wako." Nimeisoma mara ngapi sijui. "Siku yangu haianzi mpaka nione bata wako ameruka." Wewe uliniambia mwanamume anayetaka mwanamke haongei mafuta. Haya, na mwanamke je? Na eti ananiwaza. Aniwazie nini, kwani mimi ni mgonjwa wake? Anataka kujua nitakufa lini apate nafasi?

Namwona kabisa. Ana koti jeupe limembana kiunoni, kalamu mfukoni, sauti laini ya watu wa nyuma ya kioo. Kila nikifumba macho anapima vidonge.

Kibaya zaidi, yuko sahihi kuhusu viti. Nilizunguka chumba kizima nikitafuta kosa katika hoja yake sikuliona. Wanafunzi wangu wakifanya kosa hilo nilikuwa nawapigia mstari mwekundu: umegawanya kwa nini, na kwa nini kwa hicho? Nimefanya kosa la mtoto wa darasa la tano, mbele ya huyo. Kwa hasira nikanunua nyangumi wengine wanne. Ndiyo, nilijua ninachofanya. Ni shirika la mume wangu, siyo lake.

Jana Mzee alinyosha kidole, nikampa maji, akaipiga bilauri kwa mkono wa kushoto. Ikamwagika kitandani, nikabadilisha mashuka peke yangu, moyo unanidunda mpaka masikioni. Aliniangalia muda wote. Sikuweza kumwangalia.

Usiniandikie kuhusu simu. Simu inakaa hapa hapa kwenye aproni.

Dada yako

*

6 Machi

Ndugu Mfamasia,

Nimeyapokea maoni yako kuhusu viti.

Sasa naomba tuzungumze wazi. Mimi ni mtu mwenye mke, tumekaa pamoja miaka arobaini na sita. Mke wangu ameona tunavyoandikiana na hakufurahi, na mimi nikifikiri naona ana haki. Mwanamke asiyekuwa ndugu hamtumii mume wa mtu chupa za dawa. Wala hamtumii sauti ambazo haziwezi kusikilizwa na mtu mwingine.

Naomba uniambie kwa kalamu yako mwenyewe ulikuwa unataka nini kwangu. Baada ya hapo tusiandikiane tena.

Taratibu

*

18 Machi

Mama, shikamoo.

Barua hii nakuandikia wewe, siyo Mzee. Naomba uisome ukiwa umekaa. Moyo wako najua haupendi msukosuko, maana Mzee aliniuliza juu ya kila kidonge ulichopewa, kipi ule nacho chakula, kipi kisikutane na kipi. Zile alama za sauti nyingi zilikuwa hizo. Alikuwa anasoma majina ya dawa herufi kwa herufi, taratibu, kama anasoma alama za mipaka. Alisema wewe hupendi kusimamiwa, kwa hiyo atakusimamia bila wewe kujua.

Nilijua siyo yeye kabla barua yako ya kwanza haijafika. Alikuwa na njia moja, bata wa asubuhi kutoka mji wenu kwenda kule kwenye kiwanda cha sukari. Bata huyo hajapata kubeba zaidi ya watu kumi na mmoja. Kila mwezi hasara. Nilimsumbua miaka na miaka aifunge, nikamwambia hakuna ndege inayofaa pale, hata baiskeli ingepata hasara. Mwishowe alinitumia sauti. Nitakuandikia ninavyokumbuka:

"Huko ndiko mke wangu alikopangiwa kazi ya kwanza. Kila Ijumaa nilipanda basi usiku kucha, nikifika nina vumbi mpaka kwenye kope, nakaa naye siku moja, narudi. Wakati mwingine naona ndege ya mwenye kiwanda inapita juu ya basi letu, nasema moyoni, yule atafika kabla ya chai. Sasa nina ndege mia. Niache niwahi chai."

Wewe uliifunga njia ile mwezi wa pili. Nilipoona imefungwa, nilikaa chini pale pale nyuma ya kaunta. Nilidhani amekufa na simu imeangukia kwa mtu. Kisha barua yako ikaja, inaniuliza tulivyojuana, imejaa "aidha" na "naomba maoni yako", na nikajua ni wewe, kwa sababu alikuwa akiniambia unavyoongea na akicheka kwa raha. Nikajibu kwa uangalifu, nikikusubiri uniambie mwenyewe.

Umeniuliza nilitaka nini. Nina miaka hamsini na mmoja, mume aliondoka zamani, magoti yananiuma. Watu wanaokuja dukani wote wana haraka na wote wana maumivu. Mzee alikuwa mtu mmoja anayeongea na mimi bila kuhitaji dawa. Sikumtaka mumeo. Ila nilikuonea wivu, Mama, hilo nakiri. Nilitamani na mimi niwe na mtu anayenirushia ndege yenye hasara, akiambiwa aifunge anakataa.

Sitakuandikia tena kama hutaki. Ninachoomba ni neno moja tu. Yu hai?

Mfamasia

*

2 Aprili

Dada,

Nimesikia kwa jirani yako kwamba ulilazwa siku tano, tena kwa kuchukuliwa na gari la wagonjwa, na kwamba muuguzi wa kukodi alikuwa anamlisha shemeji. Jirani, Dada. Mimi wa tumbo moja nasubiri jirani anipigie kelele kwenye simu.

Anasema ulianguka ukiwa na barua mkononi na ulikataa wasiikunjue. Sikuulizi ilisema nini.

Nakuja mwishoni mwa mwezi, goti litulie lisitulie. Nitakaa. Usianze kunipangia kitanda cha sebuleni, najua jikoni ndiko kuna joto.

Mdogo wako

*

21 Aprili

Bibie Mfamasia,

Yu hai. Ningekuandikia neno hilo mwezi uliopita, lakini barua yako ilinipiga hata nilipokuwa nimekaa, na nilipotoka wodini nilikaa nayo siku nyingi nikitafuta namna ya kukuchukia. Naandika kwa mkono, utanisamehe herufi zinapoyumba.

Alipatwa na kiharusi. Hasemi, na upande wa kulia hauna kazi. Akili yake iko nzima, na hilo ndilo linalofanya ninayokuambia sasa yawe mazito.

Tangu alipotoka hospitali, kila siku alinyosha kidole kwenye meza ilipokuwa simu. Mimi nikampa maji. Mdogo wangu, ambaye alikuwa muuguzi, aliniandikia kwamba hataki maji, nami nikamjibu kwa ukali. Lakini nilijua. Nilijua tangu asubuhi ya kwanza. Mtu uliyeishi naye miaka arobaini na sita unajua anapotaka maji. Nilimwona anaomba kitu kimoja kilichobaki chenye raha kwake, nikamletea bilauri, nikamfuta kidevu, nikamwambia "haya, umeshakunywa", na simu iko tumboni kwangu ndani ya aproni. Nilifanya hivyo wiki baada ya wiki, kwa sababu niliona ni afadhali akose simu kuliko akuandikie wewe. Sijamwambia mtu. Mchungaji wa nafsi yangu ni mimi mwenyewe, kwa hiyo nakuambia wewe, uliyemfahamu.

Ungedhani barua yako ingenifurahisha. Haikunifurahisha. Nililala wodini nikihema kwa mpira puani, na nilichokuwa nawaza ni hiki tu, kwamba habari za mume wangu kunipenda nimezipokea kutoka duka la dawa. Yale maneno ya basi na vumbi yalikuwa yangu. Wewe umeyasikia kwa sauti yake, na mimi nimeyasoma kwa mwandiko wako, na sauti imefutika. Siwezi kukuficha kwamba hilo linaniuma hata sasa ninapoandika.

Kisha nikajiuliza angeniambia lini. Mezani, mimi nikisahihisha madaftari? Ningemwambia aache upuuzi. Ningefurahi wiki nzima, lakini ningemwambia aache upuuzi, na yeye angeiona ile sura tu, asingeiona hiyo furaha. Nadhani ndiyo sababu maneno hayo aliwapa wengine.

Nilimpa simu siku niliporudi. Niliiweka mkononi mwake wa kushoto, nikavuta kiti changu, nikakaa. Nilitaka nione ataanza na nini, nawe unajua nilikuwa naogopa nini. Hakuanza na wewe. Alifungua orodha ya ndege zake, akaona nyangumi kumi na watano, akanigeuzia macho jinsi alivyokuwa akiniangalia nikiunguza chakula. Akaanza kuwauza mmoja mmoja kwa kidole gumba. Ilimchukua mchana mzima. Akikosea anarudia. Sijamwona mtu mwenye furaha namna ile tangu tulipopata nyumba.

Jioni akafungua ujumbe wako, ule mwingi wa "mbona kimya". Akausoma wote, akalia kwa jicho moja, lile la kushoto. Mimi nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Njia ya kiwanda cha sukari niliifungua mimi, usinipe sifa, ilikuwa ni kubonyeza mara mbili. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Tuna lugha sasa, nampa mkono, akibana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Hakubana. Alinishika tu. Swali langu halikuwa la ndiyo au hapana.

Sasa nifike kwenye ombi, na unielewe kwamba sikulipenda nilipolifikiria wala silipendi ninapoliandika. Daktari hanipi muda wa kutosha kuona mwaka huu ukiisha. Nitamtangulia. Mdogo wangu amekuja, atamlisha, atamwosha, atamgeuza, hana mfano kwa kazi hiyo. Lakini nilimwonyesha bata akaniuliza kama anataga. Mimi nimejitahidi. Namsomea bei ya mafuta, namtajia njia, nasema "viti vitupu ishirini na sita", na yeye anabana mkono. Ila najua anavyobana kwa adabu, na najua angebana vipi kwa mtu anayejua anachosema.

Njoo Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, kabla hatujamgeuza saa tano. Basi linakushusha kwenye kituo cha mafuta, nyumba ni ya tatu, lango la bluu linalolia. Kiti cha kulia cha kitanda ni changu, wewe utakaa upande wa kushoto, mkono unaofanya kazi ndio uko huko. Ongea naye kwa sauti ya kawaida, siyo ile ya dukani. Ndege ya kununua msibishane sana, anachoka. Sijaweza kukuita mwanangu, labda ukija na magoti yako mabovu nitaweza.

Nitawaacha wawili muongee. Nitakuwa jikoni na mdogo wangu, na mlango wa jikoni nitauacha wazi.

Mke wake